Ung'ongo na Nyoka: Ubongo, Hisia na Uhakiki wa Mhusika Darasani

UTANGULIZI

Wahenga walinena kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hii hufunzwa katika shule zetu zote, na kwa kawaida maana yake hutolewa upesi: aliyewahi kupatwa na baya huogopa hata lile lisilo na madhara. Mwalimu huandika maana hiyo ubaoni na kuendelea na methali inayofuata. Makala haya yanakusudia kukaa kidogo na ung'ongo huo na kuuliza swali ambalo ni nadra kuulizwa darasani. Katika ule muda mfupi kabla mtu huyu hajatambua kwamba mbele yake ni uzi wa ukindu tu, je, alikuwa ameona nini?

Wanafunzi wengi watajibu kwamba aliona ung'ongo akadhani ni nyoka. Elimu ya ubongo inatupa jibu tofauti. Macho yalileta mstari mwembamba uliolala chini; nyoka alitoka kwenye kumbukumbu, na mwili ukaruka kabla ya fikra kufika. Kwa muda huo, kwa mtu huyo, nyoka alikuwapo.

Hoja kuu ya makala haya ni kwamba mhusika wa riwaya huona ulimwengu jinsi kumbukumbu zake, matarajio yake na hali ya mwili wake vinavyomwezesha kuuona. Waandishi wetu mahiri wanalijua hilo na wamelitumia. Sisi walimu, kwa upande wetu, tumezoea kulipunguza liwe orodha ya sifa na orodha ya mbinu. Nitatumia riwaya mbili kuonyesha hasara ya mazoea hayo: Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei na Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka wa 1974.

KISA KILICHOZAA MAKALA HAYA

Mwaka wa 2019 nilikuwa nikifunza Chozi la Heri katika kidato cha tatu. Riwaya hiyo ilianza kutahiniwa katika KCSE mwaka wa 2018, na ingawa sasa imekwisha kuipisha Nguu za Jadi, nadhani wengi wetu tunaikumbuka vyema. Tulikuwa kwenye sura ya kwanza, pale Ridhaa anaposimama mbele ya masalio ya nyumba yake iliyoteketezwa pamoja na jamaa zake. Mwanafunzi mmoja alikuwa akisoma kwa sauti. Nyuma ya bweni, mfanyakazi wa shule alikuwa akichoma takataka, na moshi ukaingia dirishani.

Msichana mmoja wa safu ya tatu, ambaye jina lake nitalisitiri, alisimama ghafla. Nilipotahamaki alikuwa mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili. Wenzake wakacheka. Nilimwuliza alikuwa anaenda wapi, akasema hajui. Jioni alikuja ofisini kuomba radhi, akaniambia neno ambalo sijalisahau: "Mwalimu, miguu ilitangulia." Baadaye nilipata kujua kwamba mapema mwaka wa 2008, akiwa mtoto wa miaka mitano, familia yao ilitoroka nyumba iliyokuwa ikiwaka.

Muhula uliofuata shule kadhaa ziliandaa mtihani wa pamoja. Palikuwa na swali kuhusu matumizi ya mbinu rejeshi katika sura ile ile. Msichana huyo hakuanza kwa kueleza maana ya mbinu rejeshi kama tunavyowafunza. Aliandika kwamba Ridhaa hakumbuki bali anakumbushwa. Kwamba majivu ndiyo yanayomshika na kumrudisha nyuma, naye hana hiari. Kisha akataja matukio mawili yanayomrudia mhusika huyo.

Mwongozo wa kusahihisha ulidai jina la mbinu, maana yake, na mifano iliyoanza kwa maneno "Ridhaa anakumbuka". Alitunukiwa alama mbili kati ya kumi. Nilimtetea katika kikao cha wasahihishaji, nikaambiwa kwamba mwongozo hauna jibu hilo na kwamba tukianza kumsikiliza kila mtahiniwa hatutamaliza karatasi. Nilinyamaza. Makala haya ndiyo utetezi ambao sikuweza kuutoa siku ile, kwa sababu nilihisi tu kwamba alikuwa na haki. Sikuwa na hoja.

UBONGO UNAVYOONA

Ubongo wa mtu mzima una uzani wa takribani kilo 1.4. Ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika. Umo ndani ya fuvu, gizani. Haujawahi kuona mwanga wala kusikia sauti. Unachopokea ni ishara za umeme kupitia neva kutoka kwa macho, masikio, ngozi, ulimi na pua. Kutokana na ishara hizo, ambazo aghalabu hazijakamilika, ubongo hukisia kilichoko nje kwa kutumia yale uliyojifunza awali.

Mwalimu anaweza kulithibitisha hili darasani kwa karatasi na kalamu. Chora msalaba mdogo, na kulia kwake, umbali wa sentimita 8, chora nukta nzito. Mwanafunzi afumbe jicho la kushoto, aukazie msalaba macho kwa jicho la kulia, kisha ailete karatasi karibu polepole. Inapofika kama sentimita 30 kutoka usoni, nukta itatoweka. Hapo ndipo picha yake inapoangukia sehemu ya jicho ambapo neva hutokea kwenda kwenye ubongo, sehemu isiyo na uwezo wa kuona. La kushangaza ni kwamba mwanafunzi haoni tundu jeusi. Anaona karatasi nyeupe. Ubongo umejaza pengo kwa kile unachokitarajia. Kila mtu aliye darasani ana pengo hilo katika kila jicho, na ameishi nalo tangu utotoni bila kujua.

Kumbukumbu nazo hujazwa hivyo hivyo. Mwaka wa 1932 mwanasaikolojia Frederic Bartlett wa Chuo Kikuu cha Cambridge alichapisha matokeo ya majaribio ambayo sisi watu wa fasihi simulizi tulipaswa kuwa wa kwanza kuyasoma. Aliwapa Waingereza ngano ya Wenyeji wa Marekani waisome, kisha akawataka waisimulie tena na tena baada ya muda. Ngano ilibadilika kila iliposimuliwa. Mitumbwi ikawa mashua za kawaida, na uwindaji wa sili ukawa uvuvi wa samaki. Wasimulizi hawakukusudia kudanganya. Kila mmoja aliijenga upya ngano hiyo kwa vifaa vya utamaduni wake.

Kuhusu hisia, William James aliuliza mwaka wa 1884 iwapo tunatetemeka kwa kuwa tunaogopa au tunaogopa kwa kuwa tunatetemeka. Alishikilia la pili: mwili hutangulia, na hisia ni jinsi tunavyoutambua mwili wetu. Katika kitabu cha mwaka wa 1996, Joseph LeDoux alieleza kwamba taarifa ya hatari inaweza kuifikia amigdala, sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo na yenye umbo la lozi, kwa njia ya mkato kabla ya sehemu za fikra kumaliza kuichunguza. Harufu nayo ina ukaribu wa pekee na amigdala na sehemu za kumbukumbu. Huko nyuma nilidhani msichana yule alitafuta kisingizio. Sasa naona kwamba alitoa maelezo sahihi: miguu ilitangulia.

Haifai kudhani kwamba wataalamu wameafikiana kwa yote. Lisa Feldman Barrett, katika kitabu chake cha mwaka wa 2017, anapinga wazo kwamba kila hisia ina makao yake katika ubongo. Kwake, hisia hutengenezwa papo hapo kutokana na hali ya mwili, tajiriba iliyopita na maneno ambayo jamii imetupa ya kuitaja. Hoja hiyo ya mwisho inatuhusu sana sisi. Lugha yetu ina akiba kubwa ya kuhisi kwa mwili: moyo kuingia baridi, damu kuchemka, mtu kumtumbukia mwenzake nyongo, maneno kukata maini. Tunazifunza hizi kama nahau za kukariri maana. Zinaweza kufunzwa pia kama ramani ya jinsi Waswahili walivyoutambua mwili unapohisi. Naye aliyesema kwamba akipenda, chongo huita kengeza, alikuwa amekwisha kutambua kwamba hisia huingia ndani ya jicho lenyewe.

RIDHAA MBELE YA MAJIVU

Tukirejea Chozi la Heri, tutaona kwamba sura ya kwanza haisimulii mauaji moja kwa moja. Inatupa mtu mmoja aliyesimama mahali pamoja. Kwa kipimo cha matendo, Ridhaa hafanyi mengi. Hata hivyo, sura hiyo inabeba karibu maisha yake yote.

Chukua mfano wa milio ya bundi na kereng'ende aliyoisikia usiku uliotangulia. Miongozo mingi huieleza kuwa ishara au kiangaza mbele, na kuishia hapo. Lakini mwandishi ametumia uangalifu mkubwa: Ridhaa anaiona kuwa ishara sasa, baada ya msiba. Usiku ule ilikuwa milio tu. Ridhaa ni daktari, mtu aliyesomea sayansi. Msiba ndio uliorudi nyuma na kuigeuza milio hiyo ikawa onyo. Hivyo ndivyo kumbukumbu inavyofanya kazi kwa mtu aliyefiwa. Inapekua siku za mwisho ikitafuta mahali ambapo jambo lingeweza kuzuiwa, na kila kilichokuwa cha kawaida kinaanza kumshtaki. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba bundi ni ishara ya kifo amefunzwa imani ya jamii. Mwanafunzi anayeulizwa kwa nini Ridhaa anaanza kumsikia bundi vingine baada ya moto amefunzwa kusoma majonzi.

Mfano wa pili ni jina "mfuata mvua". Ridhaa alikuwa mtoto pale familia yake ilipohamia Msitu wa Heri, na wenzake shuleni walimbandika jina hilo. Kwa nini kumbukumbu ya shule ya msingi imjie mtu mzima aliyepoteza mke na watoto? Jibu la mwongozo ni kwamba mwandishi anatupa usuli wa mhusika. Ni kweli, lakini usuli ungeweza kutolewa popote. Unatolewa hapa kwa sababu jeraha jipya limegusa la zamani. Moto umemwambia Ridhaa kile kile alichoambiwa utotoni: kwamba yeye si wa hapa. Miaka ya masomo, kazi na ujirani haikulifuta neno lile. Ilikuwa imelifunika tu. Na anapomkumbuka Mzee Kedi, jirani aliyeshiriki katika unyama huo, ujirani wote uliopita unabadilika sura. Je, tabasamu la miaka yote lilikuwa tabasamu? Ubongo wake unalazimika kuijenga upya historia nzima, kama wale wasimulizi wa Bartlett, ila yeye anaijenga kwa majivu.

Tukisoma hivi, mbinu rejeshi inaacha kuwa pambo ambalo mwandishi amelitia ili asimulizi isichoshe. Inakuwa umbo halisi la fikra za mtu aliyeumia. Wakati wake haupigi hatua mbele. Kila anachokitazama kinamvuta. Ndiyo maana nasema kwamba neno "anakumbushwa" lilikuwa uhakiki bora kuliko yote yaliyokuwa kwenye mwongozo wetu.

KAZIMOTO NA ULIMWENGU WA KICHWA KIMOJA

Kichwamaji inatupeleka mbali zaidi. Ridhaa anasimuliwa na msimulizi anayeweza kumwacha na kutuonyesha wengine. Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, anajisimulia mwenyewe kwa nafsi ya kwanza. Hatuna jicho lingine. Kijiji tunachokiona, wazazi, Manase, Sabina, vyote vimepita kwanza katika kichwa chake.

Aghalabu wahakiki wameisoma riwaya hii kwa nadharia ya udhanaishi, na usomaji huo una mashiko. Hatari yake kwa mwalimu wa shule ya upili ni kwamba mwanafunzi huandika kuwa, kwa mujibu wa Kezilahabi, maisha hayana maana. Hapo mwandishi na mhusika wamefanywa kitu kimoja. Tukiuliza swali la ung'ongo, mambo hubadilika. Huyu ni kijana aliyeona dada yake Rukia akiharibiwa maisha na Manase, kisha akafiwa. Ana hasira isiyo na pa kwenda. Mtu wa hali hiyo huona dharau upesi na huona upendo kwa shida. Anapotuambia kwamba watu ni hivi na dunia ni vile, tunapaswa kujiuliza ni sehemu gani ni ya dunia na ni sehemu gani ni ya jeraha. Kezilahabi hatupi jibu, na ugumu wa riwaya hii umo humo: msomaji amefungiwa ndani ya fuvu moja pamoja na Kazimoto, bila dirisha.

Jina la riwaya nalo lina uzito. Kichwamaji ni maradhi ya majimaji kujaa ndani ya kichwa na kuubana ubongo, na riwayani tunawaona watoto wanaozaliwa na vichwa vikubwa. Watoto hao wanabeba mwilini matokeo ya maisha ya wazazi wao. Naona kwamba picha hiyo inamhusu Kazimoto mwenyewe pia: kichwa kilichojaa hadi hakina nafasi ya kingine. Mwishowe anajiua. Nimewahi kusoma insha ya mwanafunzi iliyomwita mwoga kwa tendo hilo, nayo ikapewa alama. Sifa ya "mwoga" inafunga mlango ambao riwaya nzima ilikuwa ikiufungua. Darasani mwetu huenda ameketi kijana ambaye naye anaona dunia kwa namna hiyo. Anaposikia neno hilo kutoka kwa mwalimu, anajifunza kunyamaza.

PINGAMIZI

Mwalimu mwenzangu aliyesoma rasimu ya makala haya alinipinga kwa hoja nzito. Alisema kwamba Ridhaa hana ubongo. Ni maneno kwenye karatasi. Ukianza kuzungumzia amigdala yake, umeacha uhakiki na kufungua zahanati.

Nakubaliana naye kwa nusu. Mhusika si mgonjwa, na darasa la fasihi halipaswi kuwa mahali pa kutoa majina ya maradhi. Mwanafunzi atakayeandika kwamba Kazimoto "ana ugonjwa fulani" atakuwa amebadilisha lebo moja kwa nyingine, pengine mbaya zaidi. Aidha, sayansi haiwezi kutuambia kwa nini sentensi moja inatuchoma na nyingine inapita.

Hata hivyo, kuna ubongo mmoja ambao upo kwa hakika kila kitabu kinapofunguliwa: ule wa msomaji. Mwandishi humpa maneno machache, msomaji akajaza yaliyosalia kama anavyojaza lile pengo la jicho. Matei hatuelezi kila ukuta wa nyumba iliyoteketea. Kila mwanafunzi ameijenga na kuiteketeza nyumba hiyo kwa vifaa alivyo navyo. Kwa wengi ilikuwa nyumba ya kubuni. Kwa msichana yule wa safu ya tatu ilikuwa nyumba anayoijua.

MAPENDEKEZO KWA MWALIMU

Kwanza, kabla ya kuuliza sifa za mhusika, tuulize maswali manne kuhusu kifungu tunachokisoma. Mhusika anaona, anasikia au ananusa nini? Ni kipi kilichopo mbele yake ambacho hakioni? Mwili wake unafanya nini? Ni tukio gani la awali linalomfanya aone hivyo? Sifa zitatokana na majibu hayo, na zitakuwa na ushahidi.

Pili, tunapofunza mbinu rejeshi, tudai jibu la "kwa nini hapa?" Kumbukumbu inayoletwa na harufu, mahali au neno ina kazi tofauti na ile inayoletwa na msimulizi kwa hiari yake.

Tatu, katika kutahini, mwongozo uache nafasi kwa hoja ambayo haikutarajiwa mradi imethibitishwa kwa matini. Ni kweli kwamba karatasi ni nyingi na muda ni mchache. Nafasi ya alama mbili au tatu haitatuchelewesha sana.

Nne, tunaposoma vifungu vya ukatili, tuwaeleze wanafunzi mapema kuhusu kilicho mbele, tusimlazimishe yeyote kusoma kwa sauti, na anayetaka kutoka nje kidogo atoke bila kuchekwa. Inapobidi, ashauriwe amwone mwalimu wa ushauri nasaha.

HITIMISHO

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba elimu ya ubongo haiji kuchukua nafasi ya uhakiki. Inatukumbusha jambo ambalo methali zetu zilikuwa zikilisema kitambo: kati ya jicho na kitu kinachoonwa pana maisha mazima ya anayetazama. Chozi la Heri na Kichwamaji zimeandikwa kwa kulizingatia hilo, na zinastahili kusomwa hivyo.

Msichana yule alimaliza kidato cha nne. Karatasi yake ya mtihani wa pamoja ningali nayo, na alama mbili juu yake kwa wino mwekundu. Mwaka huu niliwasomea kidato cha tatu jibu lake bila kutaja aliyeliandika, nikawaomba walisahihishe. Walilijadili kipindi kizima, dakika 40, na kengele ilipolia walikuwa bado wanabishana iwapo Ridhaa ana hiari au hana. Alama walizompa zilitofautiana, lakini hakuna hata mmoja aliyempa mbili.